Picha Tano za Shingo Yangu

Stori hii inanichoresha, najua. Bora niitoe mwenyewe kabla wadogo zangu hawajaisimulia vibaya zaidi.

Baba alinipa mwaka mmoja. Mimi nataka kwenda Dodoma mjini kuwa mchoraji, yeye anataka nibaki Kibakwe tulime. Tukakubaliana: nikirudi na kazi ya kuonekana kwa macho, naendelea. Nisiporudi nayo, jembe langu lipo nyuma ya mlango.

Nikapanga chumba huko Dodoma, karibu na Chimwaga. Nachora vibao vya saluni na vya wauza chipsi, rangi inayobaki kwenye kopo nafanyia picha zangu. Sasa picha ya mtu inataka mtu akae. Nani akae bure saa tatu nzima? Nikatafuta kioo, nikajikalisha mwenyewe. Mwaka mzima nikatoa sura tano, zote zangu.

Nikawa naona napanda kiwango. Ya kwanza shavu kama andazi. Kufika ya nne, taya linaonekana, mfupa wa mtulinga begani unaonekana, shingo imetoa kamba. Nikajisifu: "Mwanaume umeiva, sasa unachora hadi mifupa!" Kumbe mifupa ilikuwa imesogea mbele yenyewe. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, halafu kwenye simu namwambia mama, "Huku mama nakula mpaka nachagua."

Nikarudi Kibakwe, picha nimezifunga kwenye shuka. Nikamwamkia baba shikamoo, nikaziegemeza ukutani nje, ovyo ovyo tu. Baba yangu ananunua ng'ombe mnadani tangu sijazaliwa. Akaweka mikono nyuma, akapita taratibu, anatazama macho, anatazama shingo, anarudi. Nikabaki nasubiri aje anifungue mdomo ahesabu meno.

Akaanza kuzihamisha. Alipomaliza zimekaa sawasawa, ya kwanza mpaka ya mwisho, na mimi sikuwa nimeandika tarehe popote.

"Huyu katoka hapa nyumbani," akaonyesha ile ya andazi. "Huyu malisho yameanza kupungua. Huyu kiangazi kimemkuta." Akasimama kwenye ya tano. "Huyu mnadani wangenipa bure, na ningekataa."

"Baba, hiyo ni staili."

"Staili ya njaa."

Mama naye akasogea. "Mbona zote shati moja, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipojiona boga. Brashi nimeshika mimi! Ningejichorea suti, ningejichorea na kitambi, rangi si ile ile? Wala sikuwaza. Kioo kinasema, mimi naandika, kama karani.

Mama akaenda kukamata kuku. Nilikula jioni ile macho yapo kwenye mlango. Mpini wa jembe ulikuwa umechungulia, unanisubiri.

Asubuhi baba akaniamsha. Mkononi hana jembe, ana kiroba cha unga na karanga. Akanisindikiza mpaka kwenye basi. Dereva alipowasha gari ndipo akasogea dirishani.

"Kazi nimeiona, kijana. Kwenye picha hukuniongopea hata moja, uliyemwongopea ni mama yako tu, kwenye simu. Mwakani ulete nyingine tano. Nikiikuta tena shingo ile, nakufuata na kamba."