Nusura Mama Yangu Arudie Darasa la Tatu

Watu wa Kamina wananijua. Niliondoka hapa juu ya behewa la mizigo, nimekalia magunia ya makaa, nikarudi na diploma. Katikati ya hayo niliosha sahani katika nchi za wengine na kusoma huku nikisinzia, wala hakuna mjomba aliyenitumia hata kipande cha sabuni. Diploma ipo sebuleni, ndani ya kioo, imetundikwa juu kuliko picha ya harusi. Mke wangu amekwisha kuzoea.

Kwa hiyo mwalimu wa binti yangu aliponiita, karibu na Pasaka, nilivaa koti nikidhani naenda kupongezwa.

"Papa," akasema, "mutoto hajue kusoma."

"Hajue namna gani? Kila siku ananisomea kitabu."

"Anakusomea picha, papa. Akiona mbuzi, anakupatia habari ya mbuzi. Funika picha, utaona."

Nilifunika picha. Binti yangu, mwenye umri wa miaka minane na mdomo wa miaka arobaini, akaanza kuchungulia chini ya kiganja changu. Ile hadithi ya mbuzi aliyegombana na wakwe zake, iliyonichekesha mpaka machozi, alikuwa ameitunga mwenyewe. Niliona nimetapeliwa, ingawa nilijivuna kidogo pia: kipaji kile hakikutoka upande wa mama yake. Lakini mwalimu alikuwa amesema wazi: asiposoma kabla ya mwisho wa mwaka, atarudia darasa la tatu.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Binti huyu anabeba jina la mama yangu, ambaye tunaishi naye. Kwetu Waluba, anayebeba jina la mtu ndiye mtu huyo. Wenyewe wawili huitana "majina", nami baba mtu humwita mtoto "Mama" na kumsalimu kwa adabu. Hebu jaribu kumfundisha alfabeti mtu aliyekuzaa.

Nilianza na Kifaransa, nyumba nzima, kama watu waliostaarabika. Tulikaa juma zima bila kuambiana neno zaidi ya merci. Nikarudi kwenye Kiswahili, na kwenye sauti yangu ya kawaida.

"Kichwa gani hiki?" nikafoka. "Ni jiwe?"

Mama alikuwa uani akimenya mihogo. Akaingia na kisu mkononi.

"Weye, kichwa ya nani iko jiwe?"

"Nasema na mutoto, mama."

"Mutoto gani? Jina yake ni ya nani? Minyi mama yako njo nilikubeba, leo niko jiwe?"

Nikawaomba radhi wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Mdogo aliipokea radhi yangu kwa kuinamisha kichwa kama chifu. Kisha mama akataka kujua mtoto akishindwa itakuwaje. Nikamweleza kwamba siku ya matokeo mkurugenzi wa shule husimama uwanjani akaita majina mbele ya wazazi wote, ya waliofaulu na ya walioanguka.

Mama akaweka kisu chini.

"Bataita jina yangu?"

"Ya mutoto, mama."

"Jina yangu! Mbele ya bamama yote ya mutaa! Bataseme nimeanguka, na masomo sikuingiaka hata siku moya!"

Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka vizuri. Alisali, akamkazia mtoto macho, akasali tena.

Wazo lilinijia kwa kinyozi, karibu na gare, mahali ambapo habari hufika kabla ya treni. Naomba lihesabiwe kuwa langu. Mama na majina wake wanapenda kitu kimoja kuliko vyote: mambo ya watu. Nikanunua chaki. Kila jioni, kabla ya kula, niliandika habari moja kwenye mlango wa bati wa jikoni, kwa Kiswahili chetu cha hapa, bila picha. Kisha nikafunga mdomo. Mwenye hamu asome.

Ya kwanza ilihusu jirani wa kwenye bomba na wigi lake jipya.

"Mu-me... mume wake..." mtoto akasukuma.

"Mume alifanya nini?" mama akasema, amekwisha kusimama. "Enda mbele, majina!"

"Alimupiga!"

Nikatikisa kichwa.

"Ni bongo, ni uongo!" mama akawaka. "Usinitungie. Soma ile iko pa mulango!"

Mtoto akarudi kwenye herufi, akatoka jasho, akagundua kwamba mume hakumtambua mkewe, akamwamkia kama mgeni. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake walikuwa wawili mlangoni wakinisubiri, na chaki wamekwisha kuitafuta.

Jumamosi moja kiongozi wa kwaya ya kanisa letu alipita kuomba michango ya mabati. Nilikuwa nimemaliza kuandika. Nikauegemea mlango, lakini mwili wangu haukutosha kuuziba.

"Toka mu njia, weye," mama akasema. "Majina, soma."

Binti yangu akasoma moja kwa moja, bila kukata neno, bila kidole:

"Kiongozi wa kwaya alianguka na kinga yake mu mufereji. Alisema ni malaria. Malaria ile ilinuka lutuku."

Kinga ni baiskeli, na lutuku ni pombe kali ambayo kanisa letu linaikataza na nusu ya kwaya inaifahamu. Mgeni akautazama mlango, akamtazama mtoto.

"Mutoto anasoma muzuri," akasema, akaondoka bila michango. Ilinipasa kumkimbilia nimwombe radhi. Badala yake nilimbeba binti yangu juu juu nikipiga kelele. Mpaka leo mtu yule hunisalimu kwa ncha za vidole, nami naona ni bei nzuri.

Siku ya matokeo mama alivaa kikwembe chake cha sikukuu, akakaa mbele. Jina likaitwa: amefaulu. Wakasimama wawili, na mama ndiye aliyefika wa kwanza. Mkurugenzi akasita, kisha akampa yeye karatasi ya matokeo. Mama akampitishia mtoto.

"Soma yote. Usiruke."

Mtoto akasoma somo moja baada ya jingine, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameongeza mstari, nao akausoma:

"Anaongea sana darasani na kusumbua wenzake."

"Ni minyi banasema hivyo?" mama akauliza. Akajifunga kikwembe upya kiunoni, akaanza kumtafuta mwalimu.