Pamba za Kuzibia Muziki

Mtaa ule ulikuwa umechakaa juu na kuchangamka chini. Juu kulikuwa na madirisha yaliyozibwa kwa mbao, mabomba yanayovuja na maduka yaliyofungwa, mabango yake yakiendelea kutangaza bidhaa ambazo hakuna aliyezikumbuka. Chini, katika maghala ya zamani yaliyochimbwa chini ya majengo, watu walicheza muziki miaka nenda miaka rudi bila kibali cha yeyote. Aliyewawezesha kucheza bila kusikika alikuwa mshona magodoro mmoja, ambaye mwenyewe hakuwahi kucheza hata wimbo mmoja. Walimwita Fundi Kimya.

Ghala la kwanza lilikuwa chini ya kiwanda cha viatu kilichofilisika. Vijana waliorudishwa milangoni mwa mahoteli makubwa kwa sababu ya mavazi yao walishusha spika zao pale, majirani wakalalamikia kelele, Fundi akaitwa. Alishona magodoro membamba ya pamba, akayapigilia ukutani na darini, akiacha nafasi ya upana wa ngumi nyuma ya kila godoro, maana aligundua kwamba hewa nayo humeza sauti. Kisha muziki ukawashwa kwa nguvu zote, naye akatoka barabarani kutega sikio. Hiyo ikawa desturi. Hakuna ghala lililofunguliwa mtaani mpaka Fundi asimame nje na kusema, "Hamna kitu."

Polisi walipofunga ghala, au maji ya mvua yalipoingia, alibandua magodoro yake akayahamishia kwingine: chini ya kiwanda cha uchapaji, ambako wachezaji walitoka na wino viganjani, chini ya duka la majeneza, ambako utani haukuisha. Mle watu walichumbiana na kuachana, na wabeba mizigo wakawa waimbaji mpaka kuche. Dada yake Fundi alipenda kusema kwamba nusu ya watoto wa mtaa wamezaliwa kwa sababu ya magodoro ya mdogo wake, na wala hayakuwa ya kulalia.

Dada huyo, mjane aliyemlea Fundi tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyekuwa amebaki naye duniani. Na ghala la mwisho kufunguliwa lilikuwa chini ya chumba chake. Mpiga muziki mmoja, waliyemwita Santuri, alilikodi. Fundi akaliziba, akatoka nje, akatega sikio, akasema hamna kitu. Haikupita wiki dada akaanza kufunga mizigo. Alisema muziki unamnyima usingizi, anahamia kwa binti yake mji wa mbali, na hatarudi.

Fundi aliumia. Alijua alivyoziba. Alihisi dada amemchoka tu na anatafuta pa kutokea, akamwambia hivyo, wakanuniana. Mwishowe dada alimwita chumbani alasiri moja, Santuri akiwa chini anajaribu spika, akamketisha kitandani kati ya masanduku.

"Haya, sikia mwenyewe."

"Nisikie nini?"

Dada alimwonyesha rafu. Vikombe vilikuwa vikitetemeka, vikisogea kidogo kidogo na kugongana. Fundi alivitazama kwa muda mrefu. Aliona vinagongana, ila hakuvisikia.

Dada akasema neno. Fundi akamgeukia amtazame midomo, na dada akalirudia, polepole: "Tangu lini?"

Hakujua. Miaka mingi alikuwa amebandika sikio ukutani kando ya spika, akitafuta tundu ambamo sauti inapenya. Baadaye matundu yakawa machache, kazi ikawa nyepesi, barabara ikawa shwari kila alipotoka nje.

"Nilidhani ufundi umezidi," alisema.

Dada alicheka, akajaribu kujizuia, akacheka tena mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko pekee. Santuri alipopanda kuuliza kama kelele zimepungua, alielezwa yote. Aliinamisha kichwa, akasema atahamisha vyombo vyake, hawezi kumtoa mama wa watu kwake.

"Utavipeleka wapi?" Fundi alimuuliza. Maghala mengine yote yalikuwa yameshafukiwa au kujaa maji, na kila mmoja pale alilijua hilo. Akamgeukia dada yake. "Chumba changu cha nyuma ya karakana yangu hakifikiwi na sauti yoyote. Lala wewe kule. Mimi nitalala hapa."

"Na muziki?"

"Muziki gani?"

Dada alimtazama, kisha akasema ana sharti: Fundi asisimame tena barabarani kuwadanganya majirani. Watafute mwenye masikio. Fundi alianza kufunga sanduku lililokuwa wazi. Alikuwa ameishi kwa maneno yale mawili ya nje ya mlango, na hakujua ataitwa nani bila hayo. Halafu akaitikia, akabeba sanduku zito kuliko yote, akalipeleka karakanani.

Alirudi jua likiwa bado halijazama, akaketi juu ya kitanda kisicho na shuka. Chini Santuri alikuwa ameanza tena. Mdundo ulipanda kwa miguu ya kitanda, ukaingia nyongani, ukatulia mbavuni. Fundi aliweka kiganja juu ya mbao, akakiacha hapo. Baada ya kitambo bega lake moja likaanza kusogea, likiuchelewa muziki kidogo.