Riyo za Ayeeyo

Juzi nilitoka kwangu, mtaa wa Waberi hapa Garissa, na binti yangu, tukaenda soko la mifugo kutafuta mbuzi wa wageni. Soko lile unalijua: vumbi mpaka kwenye kope, na madalali wanaobishana kana kwamba wanauziana mama zao. Katikati ya vurugu hiyo nikamwona mbuzi mmoja mweupe. Sikio la kushoto limepasuliwa ncha, la kulia limekatwa pengo kwa nyuma. Rafiki yangu, nilimtambua. Hiyo ni alama ya mifugo ya nyumbani kwetu, na hakuna mkono ulioikata tangu ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, alipofariki.

Mwingine angefurahi. Ngoja nikueleze kwa nini mimi sikufurahi.

Utotoni, shule zikifungwa, nilipelekwa kijijini Sangailu kwa ayeeyo. Nilipapenda kuliko mjini. Nyumba yake ilikuwa ya miti iliyopindwa na kuezekwa mikeka, na asubuhi ilinukia anjera, ile mikate yetu myembamba ya kumimina, na chai ya iliki. Kazi yangu ilikuwa kufukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya moto, mpaka ndani kunuke moshi mtamu. Harufu hiyo nikiikumbuka hata leo, mate yananijaa. Kisha ukaja mwaka wa ukame. Nilipofika likizo ile, zizi lilikuwa kimya, na vibuyu vimetundikwa vikavu. Mbuzi wake wote walikuwa wamekufa.

Ayeeyo hakulia. Kila adhuhuri, baada ya swala, alitandika mkeka, akashika fimbo yake ya kuchungia, akalala nayo. Akiulizwa anakwenda wapi, alijibu, “Naenda kwa riyo.” Sasa sikiliza. Kwa Kisomali riyo ni mbuzi, na riyo pia ni ndoto. Wenyeji walidhani anasema ndoto, wakamwacha mzee apumzike. Mwalimu wa shule ya pale, mtu wa bara aliyeokota Kisomali cha kuombea maji, alidhani anasema mbuzi, akachungulia zizini na kuniuliza mbuzi gani tena. Mimi peke yangu niliambiwa kwamba alikuwa akisema yote mawili.

Kisomali changu cha mjini kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili cha shule, basi ayeeyo alinihurumia kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Watu nafikiri mimi nalala,” aliniambia. “Mimi nachunga.” Akanifundisha kuchunga naye.

Siku hizi vijana wanafundishana kwenye simu namna ya kujua kwamba unaota: soma maandishi, geuka, yasome tena, yakibadilika uko ndotoni. Sisi tulitumia masikio. Mchana kutwa nilikagua masikio ya mbuzi wachache waliombakia jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu kutoka kisimani. Tazama alama, tazama pembeni, tazama tena. Jirani alinicheka, akasema mtoto huyu ataolewa na daktari wa mifugo. Lakini jambo ukilizoea macho yakiwa wazi, unalifanya hata yakiwa yamefumba. Adhuhuri moja nilimwona mbuzi mweupe, nikashika sikio lake, nikageuka, nikatazama tena, na ule mpasuko ulikuwa umehamia upande wa pili. Nikajua naota! Nilifurahi mno hata nikaamka papo hapo, nikapiga kelele za kumwamsha aliyekufa.

“Wewe nafurahi haraka sana,” ayeeyo alinigombeza. “Bole bole. Shika fimbo. Sugua mkono. Angalia chini, angalia miguu yako, ndoto nakaa.” Na kweli, nilipotulia, ilikaa. Niliisikia fimbo kiganjani, nikasikia kengele za mti shingoni mwa mbuzi. Niliwachunga kwenye majani ya kijani ambayo Sangailu haikuwa nayo mwaka ule. Ayeeyo nilimwona ng'ambo ya kundi, mgongo umenyooka, anatembea kama msichana. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nakwambia wazi.

Alinipa sharti moja tu. “Maziwa ya huko usikunywe, ayeeyo. Ni ya watu wa huko.” Aliniita ayeeyo kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu: bibi na mjukuu huitana jina moja.

Usingizi wake ukaanza kurefuka. Kwanza aliamka kwa swala ya alasiri, baadaye jirani akawa anakuja kumtikisa jua likizama. Chai yake ilipoa kikombeni. Nilimletea anjera, akaisukuma. “Nimeshiba,” alisema. Nilimuuliza amekula wapi. Alicheka, na kinywa chake kilinuka maziwa ya kibuyu kilichofukizwa. Kwetu hapakuwa na mbuzi wa kukamuliwa, na vibuyu vyote vilikuwa juu, vikavu. Niliogopa, lakini nani angemsikiliza mtoto? Jirani alimwambia kwa upole, “Waache waliokwenda, mama.” Ayeeyo alimjibu kwamba mchungaji hawaachi mbuzi porini.

Adhuhuri ya mwisho nililala kando yake. Mbuzi walikuwepo wote. Nikashika sikio, nikatazama pembeni, nikatazama tena. Alama haikubadilika. Nikarudia. Ilikuwa ile ile, imetulia. Basi nikasema moyoni, hii si ndoto, niko macho, mbuzi wamerudi! Ayeeyo alikuja na kibuyu kilichofurika povu. Harufu ya moshi ilinijaa. “Kunywa, ayeeyo,” alisema, na sharti lake hakulitaja. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono yote miwili niliposikia sauti ya jirani ikiniita kwa mbali, ikiita, ikiita, na maji ya baridi yakanipiga usoni.

Niliamka. Ayeeyo hakuamka. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, na ilibidi wanaume wawili waikwamue. Wazee walisema ni joto na umri, na siku nyingi nakubaliana nao.

Leo nyumba ile haipo, mikeka imeliwa na mchwa, na wajomba zangu waliosalia wanauza saruji mjini. Hakuna anayefukiza kibuyu, maziwa yanakuja kwa madumu ya plastiki. Nimeikosa harufu ile miaka yote. Namkosa ayeeyo hata sasa nikiwa mama wa mtu, na kile kipindi cha adhuhuri silali kamwe.

Kwa hiyo juzi, pale sokoni, nilifanya alichonifundisha. Nilitazama masikio ya yule mbuzi mweupe. Nikatazama pembeni, nikatazama tena. Alama haikubadilika. Nikasugua viganja, nikatazama miguu yangu vumbini. Kila kitu kilikaa.

Nikageuka kumshika mkono binti yangu tuondoke. Alikuwa anajipangusa povu jeupe mdomoni, na pumzi yake inanuka moshi mtamu.

“Nani amekupa?” nilimuuliza.

“Yule ayeeyo,” alisema, akinyoosha kidole nyuma yangu. “Na mimi ameniita ayeeyo.”

Bibi yeyote wa Garissa angeweza kumwita hivyo. Nilimbeba, mtoto mkubwa yule, nikaenda zangu mpaka nyumbani bila kugeuka, nikisikiliza kama kuna jirani yeyote, mahali popote, anayeniita niamke.