Mguu wa Winga

Mpira siujui wala sitaki kuujua. Nimekulia Mombasa na kaka ambao hawakuwa na mazungumzo mengine, nikaapa kwamba nikiolewa nitaolewa na mtu asiyejua goli liko wapi. Nikaolewa na mshabiki sugu. Kwa hiyo nilipopewa mgonjwa mpya huku Pearland, kando ya Houston, Marekani, mzee wa Kiingereza aliyepita miaka tisini, na binti yake akaniambia kwa fahari kwamba babake alikuwa winga huko kwao, nilisema vizuri, nikaomba nionyeshwe miguu yake. Mimi ni muuguzi wa kuzunguka majumbani, na wagonjwa wangu wengi ni watu wa kisukari. Mtu anaweza kunidanganya kwa maneno lakini miguu yake haiwezi.

Nilipomsimulia mume wangu, aliweka kijiko chini. "Yaani una-treat winga wa England, na huku-ask hata alichezea timu gani?"

Basi nikauliza, nipate amani kwangu. Mzee alikuwa mtoto wa mchimba makaa. Alicheza upande wa kulia, akiushikilia ule mstari wa pembeni, kazi yake kukimbia mpaka mwisho na kumwaga mpira katikati ili wengine wafunge na wasifiwe. Mshahara wake ulizidi wa babake kidogo tu, na siku za mechi alipanda basi moja na mashabiki, ambao walimtukana wakati wa kurudi. Mara moja tu aliitwa timu ya taifa, akakaa benchi, akarudi na jezi yake ikiwa safi. Goti lilipomsaliti alishuka madaraja, timu hadi timu, hatimaye akaenda kiwanda cha mashine za kuchimbia mafuta, na mafuta ndiyo yaliyomleta Houston. Aliyasimulia haya yote bila kujisikitikia, nami nikajikuta ninachelewa kutoka.

Kisha vikaja viatu. Mtu wa kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi hushonewa viatu maalumu, laini ndani, na vya mzee vilikuwa vimefika. Nilimwambia avivae kidogo kidogo, saa moja leo, mbili kesho. Niliporudi nilimkuta jikoni amekaa wima kama bwana harusi, viatu miguuni, na chini ya kiti dimbwi la maji.

Alikuwa ameviloweka kwenye maji ya moto bafuni, kisha akavivaa vikiwa vimerowa, akashinda navyo siku nzima vimkaukie miguuni. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba kiatu kipya hulainishwa hivyo. Njumu za zamani zilikuwa za ngozi ngumu zilizopanda mpaka juu ya kifundo, na hakuna mchezaji wa rika lake aliyezivaa uwanjani kabla ya kukaa nazo kwenye beseni.

Nilimgombeza. Nilimgombeza kwa Kiingereza, na Kiingereza kilipoisha nikaendelea kwa Kiswahili. Kisha nikamvua kiatu cha kulia. Ngozi ya kisigino ilikuwa imechubuka yote, nyama iko wazi, naye hakusikia chochote.

Kidonda kile kikatuingilia. Kikatoa usaha, kikachimba, na daktari akamwambia binti yake kwamba kikifika kwenye mfupa, mguu utakatwa chini ya goti. Binti akaniomba nisimwambie babake. Nilimwelewa. Hata sisi kwetu mgonjwa mzee huwa wa mwisho kuambiwa habari zake mwenyewe. Lakini mzee hakuwa mjinga. Hadithi zilikoma. Nilipokuwa nikisafisha kidonda aligeuza uso ukutani, akabaki hivyo mpaka nimalize kufunga bandeji.

Siku moja akaongea akiwa ameuelekea ukuta. Aliniambia jinsi timu yake ya kwanza ilivyomwacha. Hakuitwa wala hakuambiwa. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akamkuta kijana mwingine ameshavaa jezi yake.

"Nisije nikaamka nikakuta tayari," akasema. "Wewe niambie kwanza."

Nilikaa sakafuni na bandeji mkononi. Nikamwambia kila kitu, mfupa, chini ya goti, vyote. Jioni nikampigia binti yake kumwarifu kwamba nimesema. Alikasirika, akalia, mwishoni akanishukuru. Toka hapo kila nilipofungua bandeji nilimpa habari kamili: leo pamezidi, leo pamesimama, leo naona nyama nyekundu. Mimi nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kumwogopea mgonjwa, na usingizi wangu ulikuwa wa kuibaiba.

Siku ya majibu ya picha ya mfupa nilikwenda nao hospitali. Daktari aliingia akazungumza na binti, haraka, juu ya kichwa cha mzee, ambaye masikio yake yalikuwa yameshachoka. Nilimwona mzee akiitazama midomo ya daktari bila kuambulia kitu, mikono imeng'ang'ania kiti. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mfupa ni mzima," nikamwambia sikioni. "Mguu unabaki."

"Wote?"

"Wote, na vidole vyake."

Binti akageuka dirishani, mabega yanamtikisika. Mimi machozi yalinishuka waziwazi, na kazini huwa silii. Nikabaki pale chini nikitafuta soksi. Mzee akanizuia mkono. Akainama polepole, akautazama mguu wake, kisigino kilichokunjamana, kucha za njano, mishipa, akautazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka, bwana," akauambia.

Kisha akaniomba soksi, akaivaa mwenyewe.