Damu Yangu Iligoma Kuganda, Nikanywa ya Fahali

Wakuu wa ukurasa huu, hamjambo. Haya yalinipata mwenyewe, na mke wangu Anaeli ameketi hapa kando kunirudi nikiongeza chumvi.

Wanaonijua Arusha wanajua. Darasani sikukaa, lakini tangu vita vikuu vya pili viishe nina bucha yangu sokoni, na Wazungu hutuma wapishi wao kwangu wakitaka sarara, ile nyama laini ya mgongoni. Tuendelee.

Siku moja natoa nyama kwenye mbavu, mfupa ukanichoma kiganjani. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kuuza.

Mkono ukavimba. Homa ikapanda. Anaeli akasema twende hospitali, nikamjibu damu yangu imezoea visu.

Baadaye nikinyoa ndevu nikajikata kidogo tu. Damu ikatoka, ikatoka, hadi jua likawa kali. Fizi nazo zikaanza kuvuja, na miguuni vikajaa vidoa vyekundu kama punje za ulezi.

Hapo nikatumia akili yangu. Damu inatoka? Naingiza nyingine.

Fahali wangu akatobolewa shingo kwa mshale, kama tunavyofanya kwetu kumpa damu mama aliyejifungua. Damu ikakorogwa kwa kijiti, ikatiwa maziwa. Nikamaliza kibuyu kizima.

Fizi zikavuja vilevile, na sasa nikawa naona watu wawiliwawili.

Anaeli akasimama mlangoni. "Baba Elibariki, unapanda lori la kahawa, au niite watu waanze kuchimba?"

Nikapanda.

Hospitali ya misheni, huko juu Nkoaranga, nikapokewa na daktari kijana, Mchaga. Akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akaanza.

"Umetumia dawa gani, mzee?"

"Damu ya fahali."

"Ikaenda wapi?"

"Mwilini."

"Ilienda tumboni. Ukila mkia wa ng'ombe, unaota mkia?"

Anaeli akacheka mpaka akashika ukuta.

Daktari akauliza tena, "Mkikoroga damu, kijiti kinatoka na nini?"

"Nyuzinyuzi."

"Na ile inayobaki, inaganda?"

"Haigandi."

"Basi ndiyo damu yako sasa. Vidudu vimeingia kwenye jeraha vikasambaa. Damu ina chembe ndogo sana zinazokimbilia kuziba kila tundu, na ina nyuzi za kufunga. Vidudu vimezichokoza, zikagandana ovyo humo ndani mpaka zimekaribia kwisha. Ukikatwa, hakuna wa kuziba."

Wakuu, hebu fikirini. Nimekoroga damu tangu utoto, na huyu kijana alikuwa ananiambia kwa lugha ya bucha kwamba naweza kufa.

Nikachomwa sindano za penisilini, nyingi. Kila ilipoingia sindano, damu ilichuruzika nami nikabaki nimebana pamba kama mlinzi wa ghala.

Siku zikaenda. Homa ikashuka, mkono ukanywea. Asubuhi moja nikatoa pamba mapema, nikatazama: kitone kidogo cheusi kimekauka, kimeshika. Niliita wodi nzima waje waone. Hata aliyevunjika mguu alikuja.

Funzo langu ni hili. Jeraha likileta homa, na fizi zikavuja au vidoa vikatokea, usiulize damu yako imezoea nini. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Damu ya fahali ni chakula kizuri, kunywa ukiwa mzima.

Kama nawe yamekupata, andika hapa tusome.

Anaeli anataka niongeze kwamba sindano ya kwanza nililia. Haya, nililia. Lakini ilikuwa sindano kubwa.