Sahani ya Hamdu Makame

Mpaka leo nikisikia uma ukigonga sahani, pua yangu inanusa pilau na makoti yaliyolowa mvua. Narudi kwenye ule ukumbi wa kukodi nyuma ya stesheni ya treni ya Rayners Lane, pembezoni mwa London, Jumapili tuliyokutana kuchagua mwenyekiti wa jamii yetu. Nilikuwa na miaka kumi.

Msidhani mji ule tuliukuta una uhai. Nyumba zilikuwepo, mbilimbili zimeegemeana, mapazia yamefungwa. Uhai tuliuleta sisi Wazanzibari wachache, na Wahindi wa Kenya na Uganda. Akifa mtu kwetu Harrow, treni ilikuwa ikiteremsha kina mama na masufuria yao, Wazungu wanatoa macho. Mimi shule sikusoma sana, lakini historia ya mji ule naijua. Nimeibeba kichwani pamoja na masinia.

Aliyeutaka uenyekiti namtaja, nimechoka kumsitiri: Hamdu Makame. Unguja alikuwa jirani yetu, kila Ijumaa anakula kwetu. Mama alikuwa akisema, aliyekula nawe ndiye ajuaye mlango wako. Kweli, yalipokuja Mapinduzi, Hamdu ndiye aliyewaonyesha wenye bunduki mlango wetu. Baba akatolewa, hajarudi. Baadaye wakubwa wake wakamgeuka, naye akakimbilia London kama sisi. Alikuwa na suti na Kiingereza, anawaandikia watu barua za kaunsili, halmashauri ya mji, basi wakaanza kumwita Mzee. Mimi mtoto nilijua baba alichukuliwa tu. Nani aliyeonyesha mlango, watu wazima walijua, mimi sikuambiwa.

Chakula kwanza, kuchagua baadaye. Masinia yakawekwa mkekani, watu watano watano. Hamdu akavua viatu, akajisogeza penye sinia la wazee. Hapo mama akatoka jikoni na sahani ya kaure, uma na kisu, akavuta kiti.

"Kaa hapa, Hamdu."

"Ala, Bi Zuwena! Unanifanya Mzungu? Mimi nakula na wenzangu."

"Sinia letu ulishalila," mama akasema, sauti laini kama anakaribisha mgeni. "Leo kula peke yako."

Wazee wakasogeleana, nafasi yake ikaziba. Akakaa kitini. Akala harakaharaka, uma unagonga sahani, ko, ko, ko. Hakumaliza. Akachukua koti lake akatoka, na jamii ikamchagua Maalim Rashidi, dereva wa basi.

Na mimi, mjinga, wivu umenijaa! Niliona kapewa heshima, kiti na uma. Nikamwendea mama nataka na mimi. Akanipiga kikofi cha mkono.

"Uma wa nini? Wewe una watu wa kula nao."

Nilielewa siku tuliyomzika mama, shangazi aliponihadithia yote. Mahakama hatukuipata, si Unguja si London. Mama alihukumu kwa sahani, na mji mzima wa watu wetu ukaitia sahihi hukumu hiyo bila kalamu.

Siku hiyo ya mazishi ukumbi ulijaa hata pa kupitisha mguu hapakuwepo. Nilikula kwa mkono, nimebanwa bega kwa bega.