Maisha ya Aikaeli, Mtunza Shela wa Ndorombo

Alizaliwa Aikaeli binti Philemoni mwaka 1907, wakati wa masika, katika kijiji cha Ndorombo, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, mahali ambapo migomba imesongamana hata jua huingia kwa kubisha hodi. Baba yake, mzee Philemoni, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza pale kupanda kahawa na miongoni mwa watu wa mwisho kuacha pombe ya ndizi. Mambo yote mawili yameandikwa katika kitabu cha usharika kwa mwandiko uleule. Siku aliyozaliwa haikuonekana nyota yoyote, maana kulikuwa na ukungu. Lakini wanawake waliomzalisha mama yake walisimulia kwamba mtoto hakulia, bali aliwatazama mmoja mmoja, kana kwamba anawakagua. Kanisa letu la Kilutheri halina desturi ya kutangaza watakatifu wapya, na kama lingekuwa nayo lingeunda kamati kwanza. Kwa hiyo jina la Mtakatifu alipewa na watu wa mteremko wenyewe, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, na itaonekana hapa kwamba pande zote mbili zilikuwa na sababu.

Mwito wake ulimjia akiwa na miaka kumi na mitatu, mara baada ya kipaimara. Ilikuwa mwaka 1920. Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa nchi, na wamisionari wa Kijerumani wakaamriwa kuondoka. Mke wa mchungaji alikuwa na shela moja jeupe, la kitambaa chembamba chenye matundu madogo madogo, refu kama pima tatu, ambalo mabibi harusi wote wa Ndorombo waliliazima siku ya ndoa na kulirudisha Jumatatu. Alilikunja, akalitia katika debe la biskuti, akamwita Aikaeli, msichana aliyeweza kusema Katekisimo yote pamoja na maelezo yake bila kuvuta pumzi, na kumkabidhi mbele ya wazee. "Litunze," alimwambia. "Avae msichana safi tu." Mama yule hakupata nafasi ya kueleza maana ya maneno yake, kwa kuwa askari alikuwa akimngoja barabarani. Aikaeli ikambidi ayaeleze mwenyewe, na aliyaeleza kwa miaka ishirini na sita.

Ni haki kutaja kwamba mchungaji naye aliacha koti lake jeusi, ili liazimwe na mabwana harusi. Koti hilo lilitundikwa kwenye msumari katika chumba cha wazee. Sharti lake lilikuwa moja: limkae mtu mabegani.

Aikaeli hakuolewa. Mwaka 1926 aliposwa na Ephraimu, fundi wa kuezeka, kijana mpole ambaye hata wapinzani wake walikiri kwamba mapaa yake hayavuji. Wanaokumbuka wanasema Aikaeli alimpenda, kwa kuwa siku zile alianza kuimba akichuma kahawa, na hakuwa na sauti ya kuimba. Lakini mtunza shela alipaswa kuwa mwanamwali, au ndivyo alivyoyaelewa yale maneno ya barabarani. "Nikiolewa, debe nitamwachia nani?" aliuliza. Ephraimu akajibu, "Mwachie mama yako." Aikaeli akasema, "Mama ana watoto tisa." Ephraimu akatafakari, akasema, "Basi liache kanisani, kule kwenye koti." Neno hilo ndilo lililoharibu posa. Ephraimu alioa mwaka uliofuata, na bibi harusi wake alivaa shela. Aikaeli mwenyewe ndiye aliyelibana kichwani kwa pini.

Tangu hapo sifa yake ilienea kutoka Usa River hadi Kikatiti. Miujiza ikaanza kusimuliwa. Ilisemwa kwamba vijana waliokuwa wakipiga soga na wasichana kwenye mfereji walinyamaza kabla hata hajatokea kwenye kona, na kwamba katika miaka yote ile panya hawakuligusa shela, ingawa walikula kofia mbili za mwinjilisti. Wenye imani haba wanasema panya hawawezi kutafuna debe. Lakini muujiza uliowatisha watu zaidi ulikuwa mtihani wa mkungu. Kila msichana aliyekaribia kuolewa alikwenda pamoja na mama yake hadi mtoni, akatwishwa mkungu wa ndizi, na kupanda nao mteremko mkali mpaka mlangoni kwa Aikaeli, ambaye alisimama juu akimtazama anavyokanyaga, anavyopumua, na anavyoshika kiuno. Akifika, alipewa uji. Akimaliza uji, Aikaeli aliingia ndani, na akitoka na debe, mama wa msichana alilia kwa furaha. Akitoka mikono mitupu, mama alilia vilevile. Wasichana sitini na mmoja walivaa shela. Tisa walinyimwa, wakaoana na wachumba wao siku ya Alhamisi, kichwa wazi, bila kengele. Wachumba wao walivaa koti. Na kwa kuwa saba kati ya hao tisa walijifungua mapema kuliko kalenda inavyoruhusu, watu walisema macho ya Aikaeli hayakosei. Kwa bahati mbaya naye aliwasikia.

Jaribu lake lilikuja mwaka 1946, kwa mkono wa Hanna binti Mikaeli. Hanna alikuwa mtoto wa ndugu yake wa ukoo, hivyo alimwita shangazi. Alikuwa amechumbiwa na Bariki, mwana wa Susana, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya ndizi. Mikaeli alikuwa amempeleka binti yake bondeni, kwenye shamba la mzungu mmoja ng'ambo ya Usa River, amsaidie mama yake mdogo aliyejifungua huko. Hanna alikaa misimu miwili ya kuchuma kahawa. Alirudi amekonda mikono, macho yamepauka, na tumbo limemtoka upande wa kushoto. Inapasa kueleza kwamba Ndorombo iko juu sana, penye baridi, na mbu wa homa hawafiki. Watu wake walijua magonjwa ya kifua, walijua ya meno, na walijua kwamba binti akirudi na tumbo kutoka mbali huwa amelipata kwa njia moja. Tumbo la namna nyingine hawakuwa wamewahi kuliona.

Siku ya mtihani wanawake walijipanga kando ya njia wengi kuliko ilivyohitajika. Hanna alijitwisha mkungu, akapanda. Alipofika kwenye jiwe kubwa katikati ya mteremko aliuweka mkungu chini, akaketi.

"Shikamoo, shangazi," alisema kutoka pale chini, maana hakutaka kukosa adabu hata katika hali ile.

"Marahaba. Panda."

"Nipe dakika, shangazi. Naumwa. Baridi inanishika hata nikiwa jikoni."

"Baridi ya mlima ni yetu sote. Panda."

"Bondeni waliniambia ni bandama limevimba. Sijalala na mtu, shangazi. Naapa mbele ya hawa wote."

Susana akapiga makofi. "Bandama! Jamani, tumesikia. Basi huyo Bandama tutambatiza Pasaka, au tumngoje baba yake apande kutoka bondeni?" Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Aikaeli hakucheka. Hilo linatajwa na wote, kwa sifa yake. Aliingia ndani na kufunga mlango. Na hilo pia linatajwa na wote.

Wazee wa kanisa walikutana siku ya Jumamosi. Hanna akatengwa na meza ya Bwana, akawekwa kwenye benchi la nyuma mpaka atakapoungama. Ilikuwa rahisi kuungama. Wengi walikuwa wamefanya hivyo kabla yake, wakasimama mbele, wakalia kidogo, wakarudishwa kundini na kula wali. Mwinjilisti mwenyewe, kwa huruma, alimwendea nyumbani akamwambia, "Mwanangu, sema tu, yaishe." Hanna akamjibu, "Nikisema, nitakuwa nimetenda dhambi ya kwanza." Bariki alivunja uchumba. Mwezi Juni alimwoa msichana wa Moshono. Shela lilivaliwa, kengele ikapigwa, koti likamkaa mabegani, ingawa kila mtu alijua aliyelivaa alikuwa amemwacha nani na mtoto mchanga kule mjini Arusha. Hanna alikuwa benchi la nyuma. Aliimba nyimbo zote.

Ndipo wanawake wakaanza kuhesabu miezi. Walihesabu hadharani, wakichambua maharage. Mwezi wa tisa wa hesabu yao ulipita. Mwezi wa kumi walisema alikosea tarehe. Mwezi wa kumi na moja Susana alisema ameitoa mimba, lakini tumbo lilikuwa palepale, gumu, upande uleule wa kushoto. Aikaeli naye alikuwa akihesabu, peke yake, na hakuna anayejua alimwambia Mungu nini. Kinachojulikana ni kwamba Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na mbili alishuka na kufika nyumbani kwa Mikaeli, akamkuta Hanna amejikunja karibu na moto, akamfunga mgongoni kwa shuka kama mtoto, yeye mwanamke wa miaka thelathini na tisa, akateremka naye mteremko ule wote hadi barabara kuu, kwenye lori la kwenda mjini. Alipofika kwenye lile jiwe kubwa alipumzika. Hakuna aliyemtazama anavyopumua.

Hospitalini, mganga msaidizi aliligusa lile tumbo kwa vidole viwili.

"Mama, hii homa ya mbu. Bandama limejaa kabisa. Ameugua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na nyinyi mlikuwa mnangoja nini?"

Aikaeli, aliyekuwa na jibu la kila swali la Katekisimo, alichukua ile shuka aliyombebea, akamfunika Hanna miguu.

Hanna aliishi siku kumi na tisa. Damu ilikuwa imekwisha mwilini, na dawa zilimkuta mbali. Aikaeli hakutoka pale ila mara moja. Siku ya kumi na tano alikwenda Ndorombo na kurudi na debe la biskuti, akalifungua kitandani, akalikunjua shela mbele ya wagonjwa wote wa wodi ya wanawake. "Ni lako," alisema. "Lilikuwa lako siku ile. Nisamehe." Hanna alilishika, akapitisha kidole kwenye vile vitundu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kicheko kizima. "Shangazi, kule bondeni, mtoto wa mama mdogo alikuwa akiliwa na mbu kila jua likizama. Nilikuwa nampepea kwa jani la mgomba mpaka mkono unakufa ganzi. Nikawa nawaza: kumbe tuna chandarua chetu kule mlimani, tunawavisha watu kichwani kwa saa moja, halafu tunakifungia kwenye debe." Aikaeli akauliza, "Umenisamehe?" Hanna akasema, "Kampelekee mtoto." Watu wa Ndorombo wamebishana mara nyingi kama lile lilikuwa jibu la swali. Aikaeli hakubishana. Hanna alizikwa siku ya Alhamisi, na kengele ikapigwa, kwa kuwa Aikaeli aliishika kamba yake mwenyewe na hakuna mzee aliyethubutu kumnyang'anya.

Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya ibada akaomba atengwe. Mchungaji wa wakati ule alifungua kitabu cha nidhamu, akatafuta kwa bidii. Alikuta uzinzi, ulevi, matambiko, na kucheza ngoma. "Mama Aikaeli," alisema, "kosa lako halimo." Aikaeli akajibu, "Basi kitabu kina upungufu," akaenda kukaa benchi la nyuma. Hakulihama kwa miaka kumi na miwili. Ilikuwa kazi ngumu kumweleza mgeni kwa nini mwanamke pekee ambaye hakuna aliyewahi kumshuku lolote anakaa mahali pa wazinzi. Na hapa unakuja muujiza wa pekee ambao hata wenye imani haba hawaupingi, maana waliuona. Miaka miwili baada ya mazishi, Susana aliingia kanisani, akasimama kidogo, kisha akaenda kukaa nyuma karibu naye, bila kufungua mdomo, jambo ambalo kwake yeye ni muujiza wa pili. Wakafuata waliocheka kando ya njia, mmoja baada ya mwingine, wakaongezewa mabenchi, hata ikafika Pasaka ambapo mabenchi ya mbele yalikuwa matupu na mchungaji akalazimika kuteremka na kuhubiri mlangoni.

Shela alilikata mara mbili, akalishona mapande kwa mapande, akalipeleka mwenyewe ng'ambo ya Usa River, kwenye kambi ya wachuma kahawa, akalitundika juu ya kitanda cha yule mtoto. Mtoto alipokua, likahamishiwa nyumba ya pili, kisha ya tatu. Aikaeli alishuka kila mwezi kuziba matundu yaliyochanika. Wanawake wa kambini wengi hawakuwa na waume, na watoto wao walifanana na watu mbalimbali, wakiwemo, ikisemwa kwa unyenyekevu, baadhi ya waliowahi kuvaa koti. Hakumuuliza yeyote baba wa mtoto. Aliuliza, "Amelala?" Akiambiwa amelala, alipanda mlima kurudi nyumbani.

Alifariki mwaka 1959, kwa ugonjwa wa kifua, akiwa na miaka hamsini na miwili. Ephraimu, mzee na mjane, aliezeka upya paa la kanisa mwaka huo bila kuombwa. Debe la biskuti lipo, linawekewa mishumaa. Koti lipo kwenye msumari wake. Wasichana wa Ndorombo huolewa sasa na maua ya kahawa nyweleni, na kama hayajachanua huolewa hivyohivyo. Wapo wanaosikitika kwamba usafi wa zamani umepotea, na pengine wana haki. Usafi si jambo la kuchekwa, na Aikaeli aliutunza wa kwake tangu kuzaliwa hadi kaburini, akaulipia kwa mtu aliyempenda. Lakini mwenye kutaka kumfuata asianzie hapo, maana hata yeye alitumia miaka ishirini na sita kujifunza kwamba hapo si mwanzo. Njia kutoka mtoni bado ipo, na lile jiwe kubwa bado lipo katikati ya mteremko. Ukimkuta mtu ameketi juu yake, mkungu umewekwa chini kando yake, usisimame kumhesabia pumzi. Chukua mkungu.